Tenda Wema, Kisha Uandike: Insha ya Kujitolea Katika Maombi ya Chuo Kikuu

Msikilizaji, ifikapo mwezi wa Oktoba kila mwaka, katika nyumba nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani, huwepo kijana aliyejifungia chumbani mbele ya kompyuta, na mzazi anayepita mlangoni kwa kunyata huku ametega sikio. Alama za mitihani zimekwisha kupatikana. Walimu wamekwisha kuombwa barua za kumpendekeza. Kilichosalia ni insha, na siku zinayoyoma: vyuo vikuu vingi vinavyopokea maombi ya mapema hufunga mlango tarehe 1 Novemba, na vinavyofuata utaratibu wa kawaida hufunga mwanzoni mwa Januari.

Insha yenyewe si ndefu. Katika mfumo wa pamoja wa maombi ujulikanao kama Common Application, ulioanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambao leo unatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, mwombaji hutakiwa kuandika maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 650. Insha hiyo moja hupelekwa katika vyuo vyote anavyoviomba kupitia mfumo huo. Mada huachiwa yeye mwenyewe, na miongoni mwa mada ambazo vijana huzikimbilia kabla ya nyingine, kazi ya kujitolea imo.

Hapo ndipo kijana aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili anapokumbana na mtihani ambao mwenzake wa darasani huenda asiujue. Nyumbani amefundishwa kwamba mtu hajisifu mwenyewe. Amekuwa akisikia tangu utotoni, tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Sasa karatasi ya chuo inamwambia kinyume chake: tenda wema, kisha rudi utueleze kwa maneno 650. Baadhi ya vijana hushindwa na aibu wakaandika insha kavu isiyo na mtu ndani yake. Wengine huivua aibu hiyo kama koti wakajipamba kupita kiasi. Makala ya leo yanatazama njia ya tatu, ambayo kwa bahati njema ndiyo pia inayoipa insha sura mpya.

Kwanza ni vyema kueleza kwa nini insha za kujitolea hufanana. Katika shule nyingi za Marekani, kujitolea kumekuwa sehemu ya masomo. Jimbo la Maryland, kwa mfano, humtaka mwanafunzi wa shule za serikali atimize saa 75 za kutumikia jamii kabla ya kuhitimu sekondari, na mahali pengine shule zenyewe au wilaya zake zimejiwekea masharti ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba afisa wa udahili hafungui insha ya kujitolea kwa mshangao. Ameshazisoma nyingi, nazo hufuata njia moja: kijana alikwenda kuwasaidia wasiojiweza, akaona nyuso zao zikiangaza, na jioni akagundua kwamba aliyesaidiwa hasa ni yeye. Bila shaka yule wa kwanza kuandika sentensi hiyo aliisema kweli. Lakini sarafu ikipita mikono mingi, picha iliyo juu yake hufutika.

Achukuliwe mfano wa binti wa kufikirika, mwenye umri wa miaka 17, aliyezaliwa Ohio na wazazi kutoka Tanga. Kila Jumamosi, kwa muda wa miezi minane, amekuwa akifanya kazi bila malipo katika kituo kinachogawa chakula cha msaada. Kazi yake ni kupanga makopo na vifurushi ndani ya maboksi na kuyakabidhi kwa wanaopita foleni. Rasimu yake ya kwanza inaanza kwa kusema kwamba tangu utotoni amependa kusaidia watu. Aya ya pili inataja idadi ya maboksi. Aya ya mwisho inasema kwamba tabasamu za wale aliowahudumia zimemfundisha maana ya maisha. Hakuna uongo ndani yake. Tatizo ni kwamba ukiliondoa jina lake ukaweka la kijana mwingine yeyote, insha haitikisiki.

Mshauri wake wa shule anamwambia atafute jambo lisilo la kawaida, naye anakumbuka safari. Kiangazi kilichopita alikwenda kwa bibi yake mzaa mama, akapeleka madaftari na kalamu katika shule ya msingi ya jirani. Hii ni Afrika, anajiambia. Hakuna mwingine darasani mwenye Afrika. Anaandika rasimu ya pili yenye vumbi, miguu mitupu na macho ya watoto yanayong'aa. Bibi naye amewekwa humo, akiwa ameketi mkekani na mikono iliyokunjamana, akimshukuru Mungu kwa ujio wa mjukuu.

Mama yake anaisoma akiwa amesimama. Akimaliza anaiweka mezani.

"Mwanangu, huyu mzee uliyemwandika ni bibi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Bibi yako amesomesha watoto sita kwa vitumbua. Hapa umemwandika kama mtu aliyekuwa ameketi anakungoja wewe ufike."

Binti hana la kujibu. Hakuna jambo alilolizua: mkeka upo, vumbi lipo, na mikono ya bibi imekunjamana kweli. Ila amechagua yale tu yaliyomfaa mwombaji wa chuo, akayaacha yaliyomfanya bibi kuwa bibi. Amechukua watu wake mwenyewe akawafanya wahitaji wa hadithi, ili yeye awe mwokozi wao.

Msikilizaji, lawama ya namna hii si ngeni duniani. Mwezi Aprili mwaka 1968, katika mji wa Cuernavaca nchini Mexico, mwanafikra na padri Ivan Illich aliwahutubia wanafunzi wa Kimarekani waliofika kujitolea vijijini. Hakuwapongeza. Aliwataka waje kama wageni, waje wasome na waijue nchi, lakini waache kuja kama wafadhili, kwa kuwa nia njema isiyojua lugha wala hali ya mwenyeji humdhalilisha yule inayetaka kumwinua. Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu zake. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps kutoka Marekani, mwaka 1961, na baadhi yao walikuja na ujuzi mahsusi wa kupima ardhi na kusaidia ujenzi wa barabara. Aliyepimiwa barabara anaweza kueleza alichopewa. Aliyepigwa picha na mgeni wa wiki mbili hana mengi ya kueleza. Kijana anayerudi kwao likizo anapaswa kujiuliza yeye yuko upande gani, na swali hilo halimzuii kuandika. Linamzuia kuandika upesi.

Binti wetu wa mfano anaitupa rasimu ya pili, anarudi kwenye maboksi ya Jumamosi. Safari hii hatafuti tena jambo kubwa. Anajiuliza jambo moja tu: katika miezi minane ile, ni lini alikosea?

Jibu linakuja. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi, baada ya kazi, aliposimama kituo cha basi. Juu ya ukuta mfupi aliona makopo matano yamepangwa vizuri, yale yale aliyoyapanga yeye asubuhi. Hatua chache mbele alimwona mama mzee wa Kikongo aliyekuwa foleni, boksi lake mkononi likiwa jepesi. Wazo la kwanza la binti, na hili ndilo alilokuwa akiona aibu kulikumbuka, lilikuwa kwamba watu wengine hawana shukrani.

"Shikamoo bibi. Umesahau makopo yako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikuyasahau."

"Huyapendi?"

"Sijui kama nayapenda. Nyumbani sina kitu cha kuyafungulia. Moja nililifungua kwa kisu, nikajikata."

Alionyesha kidole. Binti alimwuliza kwa nini hakuwaambia pale kituoni, wakati wao wangeweza kumpa kifaa hicho au kumbadilishia makopo. Mzee alicheka kidogo. Alikuwa ameishi miaka mingi kambini mkoani Kigoma, kama walivyoishi Wakongo wengi katika kambi ya Nyarugusu tangu ilipofunguliwa mwaka 1996. Foleni ya mgao aliijua kuliko yeyote pale kituoni.

"Mtu akikupa, unasema asante," alieleza. "Ukianza kukataa hiki na kile, moyo unaogopa. Labda kesho jina halitasomwa."

Basi lilifika, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini njiani binti alizikumbuka zile asante zote alizozisikia tangu alipoanza kazi, asijue ngapi zilikuwa shukrani na ngapi zilikuwa woga. Jumamosi iliyofuata alimwomba msimamizi waweke meza mlangoni, ambapo mtu anaweza kuacha asichokitaka na kuchukua kilichoachwa na mwingine. Msimamizi alikubali. Baada ya wiki kadhaa ilionekana kwamba maharage makavu na unga wa mahindi havikai mezani hapo hata dakika tano, ilhali makopo ya mchuzi mtamu wa matunda hurundikana. Vifaa vya kufungulia makopo vilinunuliwa kumi, vya bei nafuu. Hilo ndilo badiliko lote lililotokea.

Hii ndiyo insha. Mahali ni lile lile, saa ni zile zile, na binti hakulazimika kupanda ndege. Upya wake umetokana na jambo ambalo mwanzoni hakutaka liandikwe, yaani kosa lake. Na msomaji makini ataona jambo jingine: insha hii haimlazimishi binti kujisifu. Mwenye ujuzi humo ndani ni mama mzee, anayefahamu foleni ilivyo kwa aliyesimama ndani yake. Binti ni yule aliyeuliza, akasikia, akabadili kidogo namna anavyofanya kazi. Adabu ya nyumbani na matakwa ya chuo, vilivyoonekana kugombana, vimekutana hapo.

Kutokana na mfano huo, kijana anaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Je, ni siku gani aliyodhani amesaidia, kumbe hakusaidia? Je, ni nani pale aliyejua jambo ambalo yeye hakulijua, na alilijuaje? Na je, baada ya siku ile, ni kitu gani alikifanya tofauti, hata kiwe kidogo kama meza ya mlangoni? Asiyepata jibu la swali la tatu anashauriwa asiandike bado, bali arudi kazini kwanza.

Idadi za saa na maboksi zina mahali pake. Fomu ile ile ya Common Application ina sehemu ya shughuli za mwanafunzi, yenye nafasi kumi, na maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150. Takwimu zikae huko. Anayezirudia katika insha anatumia maneno yake 650 kumweleza afisa jambo ambalo ameshalisoma.

Wako pia vijana wasio na Jumamosi ya kuitoa, na kwao habari ni njema kuliko wanavyodhani. Kijana anayewapokea wadogo zake shuleni, anayewapikia kwa kuwa mama yuko zamu ya usiku, anayemsomea baba barua za benki na za mwenye nyumba, mara nyingi hujaza fomu akisema hana shughuli yoyote. Kwa lugha ya nyumbani huo ni wajibu, na wajibu hautangazwi. Lakini fomu yenyewe, katika orodha ya aina za shughuli, inataja majukumu ya kifamilia. Na mwezi Januari mwaka 2016, mradi wa Making Caring Common wa Kitivo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Harvard ulitoa ripoti iitwayo Turning the Tide, iliyoungwa mkono na maofisa wa udahili wa vyuo vingi. Ripoti hiyo ilihimiza kwamba huduma ipimwe kwa kina chake na kwa kudumu kwake, si kwa umbali wa safari, na kwamba kumlea ndugu au kufanya kazi ili kuisaidia familia kuhesabiwe kuwa mchango halali.

Hata hapo, swali la kosa linafaa. Wengi wa vijana hawa wamewahi kuwa wakalimani wa wazee wao hospitalini. Ni jambo la kujivunia, lakini lina upande wa pili: kanuni za shirikisho zilizotolewa mwaka 2016 chini ya sheria ya bima ya afya ya Marekani zilizitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali zisimtegemee mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura ya hatari asipopatikana mara moja mkalimani mwenye sifa. Sababu yake inaeleweka. Mtoto anaweza kukosea neno la dawa, au akasikia kuhusu mwili wa mama yake jambo ambalo halikumpasa kulisikia. Kijana anayekumbuka neno moja aliloshindwa kulitafsiri siku ile, na alivyofanya kuhusu neno hilo, ana insha yenye uzito kuliko anayeandika kwamba alikuwa daraja baina ya tamaduni mbili.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kuuza majonzi. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kuizingatia rangi ya mwombaji kama ilivyokuwa ikifanywa, ingawa Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba mwombaji hazuiwi kusimulia jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, maadamu simulizi hiyo inahusiana na sifa yake mwenyewe. Tangu hapo baadhi ya vijana wamehisi kwamba wanadaiwa huzuni, na asiye na yake huiazima kwa wazee. Hadithi ya kambini ni mali ya aliyeishi kambini. Binti wa mfano wetu atapaswa kumtafuta yule mama, amweleze anachotaka kuandika na kitasomwa na nani, na amwombe idhini. Akikataliwa, aiache. Akikubaliwa, aliache jina lake nje.

Tahadhari ya pili ni programu za kompyuta zinazotunga maandishi, ambazo zimeenea tangu mwisho wa mwaka 2022. Programu hizo huandika ile insha iliyochakaa kwa ufasaha mkubwa, kwa sababu ndiyo waliyoiandika wengi. Kidole cha yule mama hazikijui. Aidha, vyuo humtaka mwombaji athibitishe kwamba maandishi ni yake, na kwenda kinyume kunaweza kumfungia mlango.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Uingereza, na kwa vijana wa Muscat na kwingineko katika Ghuba wanaoomba vyuo vya Uingereza na vya Marekani kwa pamoja, ni muhimu kujua kwamba insha moja haitoshi kwa pande zote mbili. Maombi ya Uingereza hupitia UCAS, na kwa wanaoanza masomo kuanzia mwaka 2026, ile barua ndefu ya kujieleza imegawanywa katika maswali matatu, yenye jumla ya herufi 4,000. Swali la tatu huuliza mwombaji amejiandaaje nje ya masomo, na kwa nini uzoefu huo una manufaa. Huko kinachotazamwa kwanza ni kozi. Hadithi ya makopo itamfaa anayeomba kusomea uuguzi, lishe au ustawi wa jamii, iwapo ataeleza wazi imemfundisha nini kuhusu fani hiyo. Anayeomba kusomea hisabati hatafika nayo mbali.

Yabaki maneno kwa mzazi anayenyata mlangoni. Msaada wake si kusahihisha Kiingereza, wala kumtafutia mtoto safari ya gharama ili apate cha kuandika. Mama wa Tanga katika mfano huu aliiokoa insha kwa swali moja tu, kwa sababu alimjua mtu aliyekuwa ameandikwa. Mzazi asome rasimu akiuliza hivyo: huyu ndiye bibi yetu? Huyu ndiye jirani yetu? Angeisoma mwenyewe, angekubali kwamba ni yeye?

Na ile methali isimtie kijana hofu. Wahenga walisema tenda wema wende zako ili mtu asingoje kushukuriwa. Hawakumkataza kugeuka nyuma kuangalia kama wema huo ulimfikia aliyekusudiwa, na kama ana cha kuufungulia.

Hayo ndiyo makala yetu ya wiki hii, msikilizaji. Kwa kijana aliye mbele ya kompyuta usiku wa leo, na kwa mzazi aliye upande wa pili wa mlango, tunawatakia heri. Kwaherini.